Porsche ya Zamani kwa Mara ya Kwanza Nairobi: Kuichagua, Kuikagua na Kuitunza

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotimiza zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo Boxster ya 1999 au 911 ya 2002 unayoitamani haitashushwa bandarini Mombasa. Ipo hapa nchini tayari, labda chini ya turubai kwenye uwanja wa nyumba Karen au Runda, na imepita mikono mitatu, minne. Kila aliyekuwa nayo ameacha alama: mmoja alibadilisha oili kwa wakati, mwingine alijazia maji ya bomba kwenye kulanti (kimiminika cha kupozea injini), wa tatu aliiegesha miaka miwili betri ikafa. Kazi yako kubwa ni kuzisoma alama hizo kabla hujalipa.

Tumechagua Porsche za miaka ya 1996 hadi 2008 kwa sababu ndizo gari za mbio ambazo mnunuzi mgeni huzifikia kwa bei, na magonjwa yake yanajulikana vizuri. Ukienda kwa BMW Z4 au Mazda RX-8, sehemu za karatasi, joto na mvua hazibadiliki; injini ndiyo itakayokuwa na hadithi yake.

Chagua injini kabla ya rangi

Boxster ya kwanza huitwa 986 (1996 hadi 2004). Ndugu yake wa 911 ni 996. Zote mbili zina injini ya M96, silinda sita zilizolala ubavu, inayopozwa kwa maji. Ndani yake kuna shafti ya kati inayopokea mzunguko wa krenkishafti (shafti kuu ya injini) na kuupeleka kwenye cheni za kemshafti (shafti za valvu). Ncha yake ya upande wa klachi imekaa juu ya beringi iliyofungwa kwa sili. Miaka ikipita, oili ya injini hupenya sili ile kidogo kidogo, huosha grisi ya ndani, kisha hukwama humo ikiwa chafu. Gololi zinaanza kulika. Beringi ikivunjika shafti inayumba, cheni inaruka meno, valvu zinagonga pistoni, na injini imekwisha. Hakuna taa ya dashibodi inayokuonya mapema.

Magari ya mwanzo, hadi karibu 2000, yalikuwa na beringi ya safu mbili za gololi, ambayo ni imara zaidi. Kuanzia hapo hadi 2005 mengi yana safu moja, na hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Ya 2006 hadi 2008 ni kubwa na ina nguvu, lakini haitoki bila kupasua injini yote. Kuanzia 2009 Porsche ilileta injini mpya isiyo na shafti hiyo kabisa. 911 Turbo na GT3 za wakati wa 996 zina injini tofauti na hazina ugonjwa huu.

Ugonjwa wa pili ni kuta za silinda kuchanika mikwaruzo. Huu huzipata zaidi injini kubwa za lita 3.4 hadi 3.8. Dalili zake ni mlio wa "tak-tak" injini ikiwa baridi, oili inayopungua haraka, na bomba moja la moshi kuwa na masizi mengi kuliko lenzake.

Kwa anayeanza, ushauri wetu ni 986 ya lita 2.7 yenye gia za mkono. Injini yake haichaniki silinda kwa urahisi, na ina mifumo michache ya kuharibika. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake kwa uhaba wa hewa. Usishangae gari likikimbia pole kuliko lilivyosifiwa Ulaya, na usikubali fundi akuambie kuwa lazima kuna kitu kimeharibika.

Karatasi

Anza na namba ya chasisi. Inaonekana kupitia kioo cha mbele, chini upande wa kushoto, na huanza na WP0. Herufi ya kumi ndiyo mwaka wa modeli: W ni 1998, X ni 1999, Y ni 2000, kisha 1 ni 2001 na kuendelea. Ya kumi na moja ni kiwanda: S ni Stuttgart, U ni Uusikaupunki kule Ufini, ambako Boxster nyingi ziliundwa. Namba za usajili za KB au KC zinakuonyesha gari lilisajiliwa lini Kenya, wala hazikwambii lilitengenezwa lini, na wauzaji wengi huchanganya mambo haya mawili.

Fungua boneti uangalie upande wake wa chini. Hapo kuna stika nyeupe ya kiwanda yenye namba ya chasisi na misimbo ya vifaa lilivyotoka navyo. Isipokuwepo, boneti hiyo huenda ilibadilishwa, na boneti haibadilishwi bila sababu. Uliza ajali.

Baada ya hapo:

1. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), uombe nakala ya rekodi za gari. Ada yake ni ndogo. Linganisha jina la mwenye gari, namba ya injini na ya chasisi na unachokiona kwa macho.
2. Angalia kama kuna benki au kampuni ya mikopo iliyoandikishwa pamoja na mwenye gari. Ikiwepo, usilipe hata shilingi mpaka itoe barua ya kuachilia.
3. Andikeni mkataba wa mauzo mbele ya wakili. Lipa kupitia benki, kwa jina lile lile lililo kwenye rekodi.
4. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake, wewe uukubali kwenye yako. Usichukue gari kwa ahadi ya "tutahamisha wiki ijayo".

Bima ifikirie kabla ya kulipa, maana kampuni nyingi hazitoi bima kubwa kwa gari la umri huu, au huitoa kwa masharti. Pata ripoti ya thamani, AA Kenya ni mmoja wa wanaoitoa, na uhakikishe thamani mliyokubaliana imeandikwa kwenye mkataba wa bima.

Ukaguzi: fika injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya mabomba ya moshi. Yakiwa na joto, gari limepashwa kwa sababu fulani. Rudi siku nyingine.

Vuta mkono wa mlango taratibu. Kioo kinapaswa kushuka kama sentimita moja kabla mlango haujafunguka, kisha kupanda tena ukiufunga. Kisiposhuka, swichi ndogo ya ndani imekufa. Si gharama ya kutisha, lakini inakuonyesha mwenye gari anavumilia vitu vidogo kwa muda gani.

Fungua buti ya nyuma. Katika 986 tanki la kulanti liko humo, pamoja na mdomo wa kujazia oili. Inua zulia uliguse upande wa chini. Likiwa na unyevu na harufu tamutamu, tanki limepasuka. Plastiki yake huchoka kwa joto na umri, na zulia hunywa kulanti miezi mingi kabla mtu hajatambua.

Sasa washa. Moshi wa sekunde chache ni wa kawaida, kwa kuwa oili hutulia kwenye silinda zilizolala. Moshi mzito unaoendelea ni habari nyingine. Injini ikiwa imetulia, jaribu kufungua kifuniko cha oili. Kikiwa kimenyonywa kwa nguvu hadi hakibanduki, kitenganishi cha mvuke wa oili kimepasuka utando wa ndani na kinahitaji kubadilishwa.

Barabarani, tumia sehemu iliyonyooka kama Southern Bypass asubuhi ya Jumapili. Ukiwa gia ya nne kwenye mizunguko 2,000, kanyaga mafuta hadi chini. Sindano ya mizunguko ikipanda bila kasi kupanda, klachi imekwisha. Tumia hiyo kupunguza bei, maana sanduku la gia likishushwa ili kubadilisha klachi, ndipo pia unaweza kubadilisha beringi ya shafti ya kati na sili ya nyuma ya krenkishafti. Vitu hivi vitatu fanya kwa safari moja. Anayebadilisha klachi peke yake kwa gari la 2002 anaiacha beringi, na atalipia kazi ile ile tena. Na muuzaji akisema beringi ilishabadilishwa, omba risiti yenye tarehe na mileji. Bila karatasi, hesabu kuwa haijabadilishwa.

Mwisho, lipa gereji yenye lifti na kompyuta inayozungumza na Porsche ipasavyo, kama Durametric au PIWIS. Mashine ndogo za kawaida husoma hitilafu, lakini haziwezi kukuonyesha kumbukumbu ya injini kuzungushwa kupita kiwango. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayofichua dereva aliyewahi kuingiza gia ya pili akitaka ya nne. Mwombe fundi pia akushushie oili na kuikata filta, muuzaji akikubali na wewe ukigharamia oili mpya.

Filta iliyokatwa

Jambo hili linastahili muda wako kuliko yote mengine kwenye ukaguzi.

Filta ya M96 ni karatasi iliyokunjwa ndani ya kikombe cha plastiki. Itoe, ikate ncha zote mbili kwa kisu, ufungue mikunjo na kuitandaza juu ya gazeti jeupe. Iache idondoke oili dakika chache. Kisha pitisha tochi kwa ubavu. Vipande vyeusi au vya kahawia vinavyopindika kwa ukucha ni plastiki ya reli za cheni. Vichache si dharura. Vumbi la kung'aa lisiloshikwa na sumaku ni aluminiamu. Chembe zinazorukia sumaku ni chuma, na chuma ndani ya filta ya M96 kinaweza kuwa gololi au njia zake zinazolika. Ukikiona, usinunue gari hilo isipokuwa kwa bei ya gari lisilo na injini.

Oili: hatua kwa hatua

Hata ukiwa na risiti, badilisha oili wiki ya kwanza. Ratiba ya kiwanda ilikuwa ya masafa marefu sana, iliyofikiriwa kwa barabara kuu za Ulaya. Kwa foleni na vumbi letu, fanya kila kilomita 8,000 au mara moja kwa mwaka, chochote kitakachotangulia. Tumia oili ya 0W-40 au 5W-40 yenye idhini ya Porsche A40 iliyoandikwa mgongoni mwa chupa.

1. Endesha dakika 15 ili oili ipate joto na kubeba uchafu wake.
2. Pandisha gari likiwa limekaa sawa. Kwa jeki ya kawaida, weka mbao mbili za sentimita 5 chini ya matairi kwanza, la sivyo jeki haitaingia chini.
3. Weka beseni la lita 10 au zaidi. Beseni la lita 5 ambalo fundi wa Toyota hutumia litafurika.
4. Fungua plagi kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 8. Acha oili ichuruzike nusu saa.
5. Fungua kikombe cha filta kwa soketi ya milimita 74 yenye pembe 14. Usikubali kifunguliwe kwa koleo; plastiki hupasuka. Kitakuwa na oili ndani, kishushe kikiwa wima.
6. Kata filta ukague kama tulivyoeleza. Fanya hivyo kila mara, uandike ulichokiona.
7. Weka filta mpya na mpira mpya uliopakwa oili. Kaza kikombe kwa Nm 25 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Weka washa mpya ya aluminiamu kwenye plagi, kaza kwa Nm 50. Chukua toki renchi, ufunguo unaopima nguvu hiyo. Mkono wa fundi hata awe hodari hauwezi kukisia namba hizi.
8. Jaza lita 7.5, washa dakika chache, zima, subiri, kisha pima kwa kijiti. Ongeza kidogo kidogo. Jumla hufika kama lita 8.25 hadi 8.5. Usipitishe alama ya juu, maana oili ya ziada huingia kwenye kitenganishi cha mvuke na kukiharibu.

Joto: adui wa Mombasa Road

Kwa kimo cha Nairobi, maji ya kawaida huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Kinachozuia kulanti kuchemka ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha tanki, pamoja na dawa iliyochanganywa humo. Kwa hiyo kifuniko kilichochoka, ambacho pwani kingevumilika, hapa hukuletea injini inayotokota kwenye foleni ya Bellevue. Kibadilishe mara moja. Kipya kina namba ya spea inayoishia 04. Chenye namba ndogo zaidi ni cha muundo wa zamani.

Radieta ziko mbele, moja kila upande nyuma ya matundu ya bampa, na 986 S, toleo lenye nguvu zaidi, ina ya tatu katikati. Matundu hayo hunyonya kila kitu. Oktoba mijakaranda inapochanua, maua yake huingia humo, yakaoza na kuwa tope lililogandamana kati ya kondensa ya AC na radieta. Ukichungulia kwa tochi unaona majani mawili matatu tu, kumbe nyuma yake kuna blanketi. Tope hilo hushika unyevu na kuitoboa kondensa.

Dawa yake ni kushusha bampa mara moja kwa mwaka, Desemba, maua yakisha. Skurubu zake nyingi ni za Torx T25. Fungua skurubu za kondensa uisogeze mbele bila kufungua mabomba ya gesi, toa uchafu kwa mkono na brashi laini, kisha nyunyizia maji ya hozi ya kawaida kutoka nyuma kwenda mbele. Mashine ya presha ya kuoshea gari hukunja mapezi ya radieta, isikaribie hapo. Ni kazi ya nusu siku.

Ukimaliza, washa injini na AC. Feni zote mbili zinapaswa kuzunguka kwa kasi ndogo. Zikikaa kimya kisha zikalipuka kwa kasi kubwa injini ikipata moto, rizista ya kasi ndogo imeungua. Fundi wengi huliacha hivyo kwa kuwa feni "zinafanya kazi". Usiliache.

Pampu ya maji ina bawa za plastiki. Zikivunjika vipande vyake huzunguka na kuziba njia nyembamba ndani ya injini. Usingoje ivuje, ibadilishe kila kilomita 80,000 au miaka mitano, pamoja na termostati. Jazia kulanti ya Porsche iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, na umwonye kila mtu wa kituo cha mafuta asiongeze maji ya bomba.

Kabla ya mvua

Boxster yenye paa la turubai ina mifereji ya kutoa maji: miwili nyuma, kwenye pembe ambapo paa hujikunja, na mingine mbele kando ya betri. Ikiziba, maji huingia ndani na kujaa chini ya viti, mahali pa kompyuta ya funguo na king'ora. Kompyuta hiyo ikilowa gari halitawaka, na iliyo mpya ni lazima iandikwe upya pamoja na funguo.

Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, fungua paa nusu, pitisha uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi kwenye kila mfereji, polepole, usitoboe mpira. Mimina kikombe cha maji. Yanapaswa kuonekana chini, karibu na tairi la nyuma, ndani ya sekunde chache. Usitumie waya wa chuma wala upepo wa kompresa, kwani mpira huchomoka mahali usipoweza kuufikia.

Injini ikianza kukohoa siku za mvua, kagua koili sita za plagi. Ganda lake hupata nyufa nyembamba kama unywele, umeme ukavuja penye unyevu.

Spea na fundi

Barabara ya Kirinyaga itakupa mipira ya kulanti, klipu, rilei, betri na taa. Spea zenyewe za Porsche utaziagiza Uingereza au Ujerumani kwa namba yake kamili, na gharama halisi ni bei pamoja na usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Agiza vitu vingi kwa mzigo mmoja: filta, washa, oringi, plagi, kifuniko cha kulanti, kitenganishi cha mvuke. Weka akiba ya angalau theluthi moja ya bei ya gari kwa mwaka wa kwanza. Usipokuwa nayo, subiri.

Fundi mzuri hujulikana kwa swali moja: mwulize atakaza plagi ya oili kwa Nm ngapi. Akiifungua simu kutafuta, mpe kazi. Akicheka, mshukuru uondoke. Wenye magari ya aina hii hukutana kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance yanayofanyika Ngong Racecourse, na hapo utasikia majina ya mafundi wanaoaminika bila mtu kukuuzia chochote.

Matumizi ya kila siku

Matuta yapande kwa pembe, tairi moja baada ya jingine. Tairi zitazame tarehe: tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu, 2319 ikimaanisha wiki ya 23 ya 2019. Zikipita miaka sita zitoe hata kama zina meno. Bolti za magurudumu ni Nm 130. Mafuta ya breki, DOT 4, kila miaka miwili.

Filta za hewa zilizopakwa oili ziepuke, kwani oili yake huchafua sensa ya hewa na gari likaanza kuwaka vibaya. Nunua ya karatasi, ibadilishe mapema ukipita barabara za murramu mara kwa mara.

Usiliache gari limelala. Liendeshe angalau mara moja kwa wiki, nusu saa, mpaka oili ipate joto kamili, kisha lizungushe juu ya 3,000 kwa muda. Beringi ya shafti ya kati huumia zaidi kwa mwendo wa kujikokota. Ukisafiri, chomeka chaja ya kutunza betri. Kwenye 987 (Boxster iliyofuata 986) na modeli nyingine za baadaye boneti hufunguliwa kwa umeme, na betri iko chini ya boneti hiyo hiyo. Betri ikifa umefungiwa nje. Kwenye kisanduku cha fyuzi, chini mbele kwenye nafasi ya miguu, kuna ncha nyekundu inayovutwa nje: iunganishe na chanya ya betri nyingine, hasi uishike kwenye chuma cha bawaba ya mlango, kisha bonyeza ufunguo. Jizoeze siku ambayo betri iko hai.